Mawe Yana Ndoyi, Wenye Kuyachimba Hawana

Ndugu wasomaji, katika kijitabu hiki tumezoea kuandika juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya kutawazwa kwa wakubwa na kupokea mtoto mchanga. Mara hii tunaomba ruhusa tuseme juu ya desturi ambayo wengi hawaioni kama ni desturi: ile ya kukumbuka wenye elimu. Nani anapewa sanamu, nani anapewa jina la barabara, nani anatundikwa ukutani mwa masomo, nani anaachwa inje kwenye mvua. Kuna watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu, hayana nafasi katika kitabu cha mila. Sisi tunakataa. Kukumbuka ni mila mbele ya kuwa kitu kingine, na kila mila ina mwenye kuipanga na mwenye kula faida yake.

Tuanze na jambo dogo lililotuchoma. Si zamani tulialikwa kwenye sikukuu ya sayansi katika masomo moja ya sekondari hapa Manono. Wanafunzi walikuwa wamebandika mapicha ya wataalamu kwenye ukuta: Newton, Lavoisier, Pasteur, Marie Curie, Einstein na nywele zake. Kila mtoto alisimama, akasoma maisha ya mmoja, akapigiwa makofi. Kazi nzuri, tunasema wazi, na walimu walioitengeneza hawakulipwa hata franka moja. Mwishoni kijana mmoja wa darasa la nne akanyoosha mkono akauliza, kwa Kiswahili cha nyumbani: «Mwalimu, na sisi tuko na mutu wetu pale?» Mwalimu akatabasamu, akajibu: «Sayansi haina kabila.» Watu wakapiga makofi tena. Sisi tukarudi nyumbani na jibu hilo kama mfupa wa mikebuka kwenye koo.

Ni jibu la kweli nusu. Maji yanachemka kwa namna moja Manono na Paris, na hesabu ya pembetatu haiulizi baba yako ni nani. Lakini mtoto hakuuliza kama sayansi ina kabila. Aliuliza kama ukuta una kabila. Na ukuta, ndugu zetu, unalo.

Hatuna haja ya kwenda mbali kwa kuhakikisha. Tuiname tu chini. Katika mwamba wa Manono, ule uliotoa bati tangu wakati wa Géomines, kuna jiwe la rangi ya kahawia lenye bati na tantali ndani yake. Lilielezwa mara ya kwanza mwaka 1933 na Mbelgiji Henri Buttgenbach. Jiwe ni la hapa, limetoka hapa, na dunia nzima inaliandika katika vitabu kwamba nyumbani kwake ni hapa. Linaitwa thoreaulite. Juu ya nini? Juu ya Jacques Thoreau, profesa wa mawe kule Leuven. Tumeuliza vijana wengi wanaochimba kasiteriti kila siku, hakuna aliyejua kwamba jiwe la udongo wao lina jina la profesa. Na huko Ubelgiji, tunafikiri, walio wengi hawajui kama kuna mji unaoitwa Manono. Ukumbusho wa ajabu huo: uko chini ya miguu yetu na hauna msomaji.

Ukishaingia katika orodha hiyo hutoki upesi. Katika urani ya Shinkolobwe profesa Alfred Schoep wa Gent alitoa majina kama mtu anayegawa nguo za krismasi: curite mwaka 1921 kwa ajili ya Pierre Curie, becquerelite na soddyite mwaka 1922 kwa Henri Becquerel na Frederick Soddy, sklodowskite mwaka 1924 kwa Marie Curie, kwa jina la ukoo wa baba yake. (Hata mawe yana mambo ya ndoa: mume alichukua jina la nyumba, mke akarudishwa kwao.) Buttgenbach naye alikuwa ametoa cornetite kwa ajili ya Jules Cornet, yule aliyepita Katanga na safari ya Bia na Francqui. Halafu Schoep, mwaka 1925, akampa Buttgenbach mwenyewe jiwe lake: buttgenbachite, la Likasi. Na Schoep? Usihangaike, kuna schoepite.

Mnaona namna ya kazi hiyo? Sisi Waluba tunaijua sana, tunaiita ndoyi. Mimi nampa mtoto wangu jina lako, wewe unampa wako jina langu, na hivi hakuna anayekufa kabisa. Wale mabwana walifanya kwa mawe yetu kile ambacho babu zetu walifanya kwa watoto. Hatuwalaumu kwa kukumbukana. Mtu asiyekumbuka wenzake ni mbaya kuliko. Tunasema tu kwamba walikuwa wakizaa ndoyi katika nyumba ya watu, na wenye nyumba hawakuitwa kwenye sherehe.

Ni kweli, kuna mawe ya Katanga yenye majina ya hapa: kasolite, likasite, kolwezite, kipushite. Lakini tazameni vizuri. Kasolo, Likasi, Kolwezi, Kipushi ni mahali. Mzungu ametoa mtu, sisi tumetoa mahali. Ndiyo hesabu yote ya ukoloni katika mstari mmoja: wao ni wenye kujua, sisi ni pahali pa kujulia.

Msifikiri ni mambo ya mgodi tu. Ndugu zetu wa Kalemie wanakula mikebuka kila siku, na bukari yake. Katika vitabu vya dunia samaki huyo anaitwa Lates stappersii, kwa jina la munganga Mbelgiji, Louis Stappers, aliyetembea kukusanya samaki wa ziwa kati ya 1911 na 1913. Kuhe, yule mkubwa wa kwenye mawe, amebeba jina la Boulenger, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya London. Sasa tuulize swali la kitoto: Stappers alivua mwenyewe? Alijua peke yake mikebuka wanapanda saa ngapi usiku, na taa gani inawavuta? Mtu aliyekaa kwenye mtumbwi akamwonyesha hayo alikuwa na elimu, si mikono tu. Jina la elimu yake halikuandikwa.

Kuna mmoja katika hao ambaye hatuwezi kumpita bila kuvua kofia. Jean Dewindt, kijana Mbelgiji aliyesomea mawe, alikuja na ujumbe wa Lemaire mwaka 1898, akazama katika ziwa Tanganyika mwaka ule ule. Alikuwa na miaka 22. Schoep alimpa jiwe la Shinkolobwe, dewindtite. Mama yake bila shaka alilia kama mama zetu wanavyolia, na jina lile kwenye jiwe ni kilio halali kabisa. Sisi tunakubali kilio hicho. Lakini ziwa lile limekula vijana wa Moba, wa Kalemie, wa Fizi, wapagazi na wapiga makasia wa safari zote za wataalamu, na kwao hakuna jiwe hata la kurusha kwa kunguru.

Sasa wengine watatujibu: «Babu zetu hawakuwa na sayansi, basi wangekumbuka wataalamu gani?» Hapa tunakasirika, na tunaomba mtuvumilie. Katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, ya zaidi ya miaka elfu moja, wachimbuzi walikuta mtu aliyezikwa na shoka la heshima, na karibu na kichwa chake fuawe ya chuma. Fuawe, ndugu zetu! Hawakumwekea mkuki pekee, walimwekea chombo cha kazi ya ujuzi. Hadithi ya ufalme wetu inasema elimu ya kufua chuma ilikuja na Mbidi Kiluwe, ikamfikia mwanawe Kalala Ilunga, na hakuna mfalme aliyetawazwa bila nyundo na fuawe kutajwa. Yaani katika mila ya Waluba mwenye kujua moto na madini hakuwa mtumishi wa mfalme tu. Ufalme wenyewe ulivaa nguo ya mhunzi.

Na namna ya kukumbuka je? Wazee wa Mbudye walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga na makome, unaoshikwa katika mkono wa kushoto huku kidole cha mkono wa kuume kinapita juu yake. Kila shanga ni mtu, ni mahali, ni safari. Lukasa haisimami uwanjani ikisubiri ndege wainyee. Bila mtu aliyefundishwa kuisoma ni kipande cha mti tu. Leo ziko katika makumbusho ya Ulaya na Amerika, nyuma ya kioo, zinasifiwa sana, na kidole hakipiti tena. Hivyo tunapoambiwa kwamba kukumbuka wataalamu ni jambo la kuiga kwa Wazungu, tunacheka kicheko cha uchungu. Sisi tulikuwa na chama kizima cha watu waliosomea kukumbuka.

Tuingie katika siasa, maana bila siasa maneno haya ni ya kunywea chai. Tangu uhuru, Leta yetu imekumbuka nani? Kalenda inatuambia: tarehe 4 Januari mashahidi wa uhuru, tarehe 16 Laurent-Désiré Kabila, tarehe 17 Lumumba, na tangu 2023 tarehe 6 Aprili ya Simon Kimbangu. Hatupingi hata mmoja. Kabila mzee ana mizizi yake hapa kwetu, upande wa Ankoro, nani wa Manono atapinga? Lakini ni mashahidi, wanasiasa na nabii. Tazama na noti zetu za franka: tembo, nyati, twiga. Noti ya franka 100 ina tembo upande mmoja na bwawa la Inga upande wa pili. Bwawa lipo, mhandisi hayupo. Huko Japani uso wa Hideyo Noguchi, mtafiti wa magonjwa, ulikaa kwenye noti ya yen 1000 kuanzia 2004 mpaka 2024, na alipotoka, aliyeingia ni Kitasato, mtafiti mwingine wa magonjwa. Mtoto wa Japani ananunua mkate na mtaalamu. Wetu ananunua na nyati.

Na kuna jambo moja ambalo tukilisema watu wanafikiri tunatania. Umoja wa Afrika una siku ya kufufua sayansi ya bara letu, iliyotokana na mkutano wa wataalamu wa Afrika kule Brazzaville mwaka 1987. Brazzaville, ng'ambo ya mto tu! Siku yenyewe ni 30 Juni. Ndiyo, 30 Juni. Katika nchi nyingine za Afrika siku hiyo wanaita watafiti, wanatoa zawadi. Kwetu 30 Juni ni gwaride, ni wimbo wa taifa, ni hotuba ya kiongozi chini ya hema, halafu bia. Wanafunzi wanatembea katika vumbi mbele ya jukwaa, mkono juu, na hakuna hata anayewaambia kwamba siku ile ile Afrika iliwawekea wao sikukuu nyingine. Hatusemi ni njama. Ni uzembe tu, lakini uzembe wa miaka mingi unafanana na njama mpaka huwezi kuvitenganisha.

Sanamu nazo tunazijua. Mwaka 1971 Mobutu aliangusha Stanley kule Kinshasa. Mwaka 2005 mtu wa serikali akamrudisha Léopold II juu ya nguzo, na baada ya saa chache akashushwa tena. Watu walicheka dunia nzima. Sisi hatukucheka, maana jambo lile lilionyesha kitu: tunajua kuangusha, tunajua kusimamisha upya tulichoangusha, hatujui kuweka mwingine. Majina ya miji yalibadilika, Albertville ikawa Kalemie, na hilo lilikuwa haki kabisa. Lakini mtaala wa fizikia haukubadilika jina hata moja.

Hata pale tunapomkumbuka mtaalamu, tunamkumbuka kwa sababu nyingine. Jason Sendwe, mtu wa Balubakat, ana hospitali kubwa yenye jina lake Lubumbashi. Muulize kijana Sendwe alikuwa nani. Atasema mwanasiasa, adui wa kujitenga kwa Katanga, aliyeuawa Albertville Juni 1964. Yote kweli. Wachache watasema alikuwa assistant médical, cheo cha juu kabisa ambacho mkoloni alimwachia mtu mweusi katika utabibu. Mwaka 1960 nchi iliingia katika uhuru bila munganga mkongomani mwenye diploma kamili. Basi hospitali ile ingeweza kusema hadithi ya mtu aliyezuiliwa kwenye mlango wa elimu akapitia dirisha la siasa. Haisemi. Inasema jina tu, kwenye kibao. Vile vile Paul Panda Farnana, mwanasiasa wetu wa kwanza kule Ulaya, wanamtaja kwa mikutano ya watu weusi ya 1919 na 1921. Kwamba alikuwa mtaalamu wa kilimo mwenye diploma ya Ubelgiji tangu 1907, hilo linapita kama neno la pembeni.

Tufike kwa profesa Jean-Jacques Muyembe, maana yeye ni jibu la kijana wa darasa la nne, na hakuna aliyemjibu. Mwaka 1976 watu walikuwa wanakufa Yambuku, katika Ekuatere. Muyembe, kijana aliyerudi na udaktari wa virusi kutoka Leuven, alitumwa huko. Akatoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glovu. Alipochomoa sindano damu haikusimama, ikamwagika juu ya vidole vyake. Alinawa kwa maji na sabuni. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha. Akarudi Kinshasa na mtawa mmoja Mbelgiji aliyekuwa na homa, mtawa akafa, na damu yake ikapelekwa Antwerpen katika chupa ya kutunzia chai. Humo ndimo virusi vilionekana. Wataalamu wakakubaliana kuviita kwa jina la mto Ebola, ili kijiji cha Yambuku kisibebe aibu, na hilo tunawasifu: kumbe inawezekana kufikiri juu ya watu wakati wa kutoa jina.

Lakini miaka mingi hadithi ilisimuliwa kana kwamba ile chupa ilitembea yenyewe mpaka Ulaya. Vitabu, sinema, mahojiano: waliofungua chupa walijulikana, aliyekwenda mlangoni pa kifo hakutajwa. Mwaka 1995 Kikwit, Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya waliopona, 7 wakaishi. Wageni wakatikisa kichwa, wakasema si utafiti wenye kipimo. Sawa, wagonjwa 8 ni wachache, sisi hatukatai. Baadaye kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ndipo ilitengenezwa dawa ya mAb114, ikajaribiwa upande wa Beni, na Agosti 2019 ikatangazwa kwamba inaokoa. Ndipo dunia ikaamka: mwaka huo huo Japani ilimpa Muyembe zawadi ya Hideyo Noguchi. Na huyo Noguchi, ndugu zetu, alikufa Accra mwaka 1928 kwa homa ya manjano, akiifanyia utafiti, na tena alikuwa amekosea juu ya chanzo chake! Taifa lake halikumtupa kwa kosa lile. Alikosea akiwa kazini, akafa akiwa kazini, wakaweka uso wake kwenye pesa.

Sasa ukuta wa masomo yetu: Pasteur yupo. Muyembe hayupo. Picha yake haikosekani kwa sababu ya ubaya wa mwalimu. Inakosekana kwa sababu buku la mwalimu halina, na mwenye kutengeneza buku naye alikuta halina. Hivyo ndivyo kusahau kunavyorithiwa, kama deni. Na bado tunabaki na mtu mmoja zaidi: yule wa Kikwit aliyetoa damu. Muyembe ameanza kupata haki yake. Mwenye damu hata sisi tunamwita «mtu mmoja».

Vijana wetu wana neno lao, na tunaliheshimu. Mmoja alituambia usoni: «Bazee, kwanza mutupatie umeme, nyuma ndio mutasimamisha masanamu.» Tulinyamaza kidogo, maana alikuwa na haki ya kukasirika katika mji ambao ulikuwa na taa barabarani wakati wa Géomines. Lakini tufikiri pamoja. Umeme ule ulitoka Mpiana Mwanga, juu ya mto Luvua. Mitambo ilitunzwa na mafundi wa hapa, watu wetu, waliojua sauti ya kila gurudumu, waliosikia ugonjwa wa mashine mbele ya saa kuuonyesha. Sosiete ilipoanguka, na vita ya 1998 mpaka 2003 ilipoharibu kilichobaki, watu wale walikaa nyumbani bila malipo, wakazeeka, wakafa. Nani aliandika walichojua? Nani aliwaweka mbele ya wanafunzi aseme: huyu ni mtaalamu, mumwulize? Tuliwaita «wazee wa Zaïrétain», tukawahurumia kama watu wa pensheni isiyolipwa, tukawazika. Leo wakitaka kufufua mitambo wanaleta watu wa mbali. Kijana wetu alidhani sanamu na umeme ni vitu viwili. Mji usiokumbuka fundi wake unanunua fundi, na bei anaipanga mwenye kuuza.

Na sasa tuko tena mlangoni. Ule mwamba wa bati una lithiamu, zaidi ya tani milioni 400 za mwamba katika sehemu moja tu wanayoiita Roche Dure. Mwaka 2019 wazee watatu, Goodenough wa Marekani, Whittingham wa Uingereza, Yoshino wa Japani, walipata zawadi ya Nobel kwa betri ya lithiamu. Wanastahili. Kisha wakaja Waaustralia wa AVZ na Cominière ya Leta, wakaja Wachina wa Zijin, kukawa na mashtaka mbele ya mahakama za mbali, na mwaka 2025 Wamarekani wa KoBold nao wakatia sahihi karatasi na serikali. Kila mmoja ana jina lake kwenye gari, kwenye kofia, kwenye kibao cha njia. Kesho watajenga masomo na nyumba ya waganga, na watauliza: tuyape jina gani? Tusipokuwa na jina tayari, watatia la kwao, ao la mkubwa wa siku ile, na mkubwa akianguka watafuta.

Tunawapa hadithi ya jiwe lenyewe. Madini yenye lithiamu ya Manono yanaitwa spodumene. Aliyeyaeleza wa kwanza, mwaka 1800, kutoka kisiwa kimoja cha Sweden, si Msweden wala Mbelgiji. Ni José Bonifácio de Andrada e Silva, mtoto wa Brazili, koloni ya Wareno. Alisomea mawe, akarudi kwao, na mwaka 1822 akawa mkono mkuu wa uhuru wa Brazili. Wabrazili wamemjengea masanamu, na jiwe linaloitwa andradite lina jina lake. Mtu wa koloni, mwenye elimu ya mawe, mkombozi: wakati wanaotuambia kwamba sayansi ni mali ya Ulaya wanatuonyesha lithiamu yetu, jibu limelala ndani ya jiwe wanaloshika.

Hata hivyo tusijisifu, maana kuna neno ambalo baadhi ya wenzetu walituomba tusiliandike. Sisi tunaowalaumu Wazungu kwa kufuta majina, tumewafanyia nini Batwa? Nani hapa Manono, Nyunzu na Kabalo hakukwenda kwao, mchana ao usiku, kutafuta mzizi wa tumbo, gome la homa, njia ya asali? Elimu yao ya miti tumekunywa tangu utoto. Kisha tunasema «dawa ya porini», kana kwamba pori ndilo lilijifunza. Na katika ile miaka ya 2013 mpaka 2017, wakati Waluba na Batwa walichinjana na vijiji vikaungua pande zote mbili, wazee wenye elimu ile walikufa kama majani. Buttgenbach alimwita rafiki yake kwa jina. Sisi jirani yetu hatukumwita hata kwa jina la mahali. Mwenye kutaka kutukasirikia juu ya sentensi hiyo aje, tuzungumze, lakini haitoki katika kijitabu.

Tunataka nini, basi? Hatutaki sanamu ya simenti katikati ya mzunguko. Hatuna simenti, na mbuzi watapanda. Hatutaki kubandua Newton wala Marie Curie ukutani, ukuta ni mpana. Tunataka 30 Juni, mbele ya gwaride, saa moja tu ya asubuhi katika kila masomo ya Manono, ambapo wanafunzi watasimama kutaja majina, kama Mbudye walivyofanya na lukasa, mmoja akishika, mwingine akisema. Muyembe atajwe. Malu wa Kalenga atajwe, aliyeongoza kinu cha atomi cha Kinshasa, cha kwanza katika Afrika, kilichowashwa mwaka 1959 katika nchi ya Shinkolobwe. Dewindt atajwe pia, alizama kwetu. Na baada yao wa hapa.

Hao wa hapa ndio kazi. Tumeanza daftari. Ndani kuna majina 41, mafundi wa turbini, wapimaji wa udongo, waganga wa mizizi, mama wanaojua kwa kiganja tu, wakati wa kuosha, kasiteriti safi na ile yenye tantali. Kuna mistari mingi yenye kazi bila jina: «mwenye kuonyesha wapimaji mwamba wa Kitotolo», «mpishi wa ujumbe aliyejua mawe», «Mutwa wa dawa ya nyoka, upande wa njia ya Kiambi». Daftari liko kwa mwandishi wa chama, kila Jumamosi alasiri. Mwenye babu aliyefanya kazi Géomines alete jina, na kama anayo, alete kitambulisho cha kazi, kile cha bati chenye namba. Vingi vina namba tu, na hapo tutahitaji wazee wakae pamoja wabishane mpaka namba ipate mtu.

Profesa Thoreau tumemwandika pia, ukurasa wa kwanza. Chini ya jina lake tumeacha nafasi ya mtu aliyechimba jiwe lile akampa.